Baba, Kasri Lako Nimeliona

Baba uliye mbali kwa kupenda kwako,

Sisi huku Sydney hatujambo. Watu wakifika hapa katika barua huongeza kwamba hofu ni kwako tu, lakini mimi nimekuona kwa macho yangu. Umenenepa, meno yako yote yamo kinywani, na koti lako la baridi ni zuri kuliko langu, kwa hiyo hofu nimeiacha. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limefanyika nyumbani kwetu Rooty Hill, nalo linakuhusu. Barua naiacha wazi, anayetaka kusoma asome. Siri zako zimetuchosha.

Nianze na siku uliyoondoka kambini, maana ndiyo siku ya mwisho niliyokuwa na baba wa kumshika mkono. Tulikuwa tumekimbia vita kutoka Fizi, Kongo, tukaingia Tanzania, tukapewa kibanda cha udongo chenye paa la turubai. Mama alikuwa na mimba kubwa, hata kuinama kuwasha moto hawezi. Wewe ulisema unatangulia Ulaya, ukifika utatuita. Asubuhi ile ulinisindikiza bombani kuchota maji na ukaibeba ndoo wewe mwenyewe, jambo ambalo hukuzoea kulifanya, na wanawake waliokuwa foleni wakakutania kwamba umeoa tena.

Tukiwa njiani kurudi uliweka ndoo chini ukasema, "Nyota, sikiliza muzuri. Mama yako akizaa, mutu yeyote asimupe mutoto jina. Jina nitatoa miye mwenyewe, siku nitamuona."

Nikaitikia. Nilijiona mkubwa kupewa neno zito kama hilo nilipeleke nyumbani, nikajitwika ndoo nikalipeleka mbiombio, maji yakinimwagikia miguuni.

Wasiotujua waelewe. Katika ukoo wetu jina la mtoto hutoka mdomoni mwa baba yake. Baba akiwa safarini, mtoto husubiri, na hakuna anayeona ajabu. Mama anaweza kutoa jina kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba baba amekufa. Mwanamke akimpa mtoto jina huku mumewe anapumua, ukoo utasema amemzika mzima mzima. Ndiyo maana wanawake wa kambini walipomsumbua Mama wakimwambia, "Mama Nyota, mutoto ameanza kutambaa, mupe jina basi," yeye alijibu neno lile lile kila mara: "Baba yake hajakufa."

Alizaliwa msichana. Tukamwita Bebe, kama watoto wote wanavyoitwa wakiwa wachanga, tukingoja simu yako. Simu zilikuja, ukasema subirini, nataka kumwona kwanza. Halafu hazikuja tena. Bebe akaota meno na jina hilo, akajifunza kusoma na jina hilo, tukaletwa Australia naye ni Bebe vilevile. Walimu wa hapa hawakushangaa, walidhani ndilo jina lake, nasi tukanyamaza kwa aibu.

Jina lenyewe tulilijua, Baba. Mimi uliniita Nyota kwa sababu nilizaliwa alfajiri, na siku hiyohiyo ulimwambia Mama kwamba wa pili akiwa msichana atakuwa Wabiwa, jina la mama yako. Mama hajasahau. Miaka yote hiyo alikuwa nalo moyoni, na mimi nilikuwa nalo, lakini halikuwa letu kulisema.

Sasa Bebe ni mwanamke. Anafanya kazi ya kulea watoto wadogo kule Blacktown, na amepata mchumba, kijana Mrundi mpole anayefanya kazi ghalani. Unajua desturi, wala za Burundi haziko mbali na zetu. Upande wa mwanamume wakija kuposa, msemaji wao husimama mbele ya watu na kumtaja kwa jina binti wanayemwomba. Watasimama waseme nini? Kwamba wamekuja kuomba mtoto mchanga?

Bebe anasikia Kiswahili chote, ila anajibu Kiingereza. Alinikuta jikoni nakata vitunguu, akaegemea friji.

"Da Nyota, I'm not getting married as Bebe."

"Basi ufanyeje?"

"You found his number. Just go and ask him. In person. He said in person, didn't he?"

Namba nilikuwa nimeipata kwa binamu yako wa Uvira. Niliomba likizo kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanda ndege hadi Ujerumani. Sikuja kutafuta baba, hilo nataka ulijue. Nilitumwa kitu kimoja na mdogo wangu, nacho ni jina, kitu kisichohitaji hata mfuko wa kukibebea.

Ulinipokea stesheni. Ulinikumbatia ukalia, na mimi nikalia, kwa nini nikufiche. Ulikuwa na harufu ileile ya sabuni ya mche, sijui huko unaipata wapi. Halafu ukanipeleka kwenye hoteli ndogo nyuma ya stesheni, ukasema nyumbani kwako wanapaka rangi. Baba, mimi ni mtoto wa Kikongo. Kwetu mgeni hulala hata jikoni, hulala hata na mbuzi, lakini hulala kwa mwenyeji wake. Nilikaa kwenye kile kitanda chembamba nikajua hakuna rangi yoyote inayopakwa.

Kesho yake ukaja mapema, umevaa koti lako, una furaha ya mtu mwenye zawadi. "Leo nitakuonesha kitu," ukasema. "Nitakupeleka kwa shato," ukimaanisha kasri.

Nikubali tu, sijawahi kuona kitu kama kile. Tulishuka kwenye basi, tukapita lango la chuma lenye majani ya dhahabu, na mbele yetu likatanda jumba la rangi ya manjano, refu upande huu na upande ule, madirisha yamepangwa hadi nikachoka kuyatazama. Juu ya paa kulikuwa na watu wa mawe wasio na nguo, wamesimama kwenye upepo ule wa mwezi wa kumi bila kujali. Ulitembea mbele yangu juu ya kokoto, mikono nyuma, kama mtu anayeonesha shamba lake.

Mama wa tiketi alikusalimia kwa jina. Ukamjibu Kijerumani, ukanionesha kwa kidole, naye akanitikisia kichwa kwa tabasamu. Nilikuuliza umemwambia mimi ni nani.

"Nimesema wewe ni mugeni wangu," ukasema.

Mlangoni tulipewa ndara kubwa za kitambaa tuzivae juu ya viatu, tusikwaruze sakafu. Hapo ndipo uliponifanya nisahau kila kitu kwa muda. Ulijisukuma kwa mguu mmoja ukateleza kwenye mbao zile zinazong'aa kama mtoto, ukanigeukia ukicheka, nami nikateleza nikakufuata, na mlinzi akatukoholea. Nilikuona vile ulivyokuwa Fizi ulipokuwa unanirusha juu na kunidaka, Mama akipiga kelele kwamba utanivunja. Nilikupenda sana pale, Baba. Ukweli ni huo, na ndio unaoniuma.

Ulinieleza kila chumba. Darini palichorwa mawingu na vitoto vinene vyenye mabawa, na kuta zilijaa maua ya chokaa yaliyopakwa dhahabu. Ulisema mwaka wako wa kwanza ulikuwa huna mtu wala lugha, basi kila Jumapili ulikuja hapa, ukapewa chombo cha kuweka sikioni kinachosimulia, ukasikiliza mpaka Kijerumani kikakuingia. "Hii nyumba ndiyo ilinifundisha kusema," uliniambia. Nilikuonea huruma. Nilijaribu kukuona ukiwa peke yako, kijana bado, unasikiliza habari za watu waliokufa zamani. Kisha nikakumbuka kwamba Jumapili hizohizo Mama alikuwa anapanga foleni kwenye kibanda cha simu kambini.

Tukafika kwenye ile picha kubwa, ile inayojaza ukuta. Mtawala wa jimbo lile na mkewe na watoto wao wote, wamevaa hariri, na mbwa. Ukasimama katikati ukaanza kuwataja mmoja mmoja kwa kidole. Huyu Karoli, aliyekuja kurithi. Huyu Amalia, aliolewa mbali. Hawa wawili mapacha, huyu Ludoviki na huyu Fransisi. Na yule aliyechorwa juu kwenye wingu, akiwa na mabawa, ni mtoto aliyekufa angali ananyonya.

"Anaitwa Sofia," ukasema. "Hata huyu walimupa jina, unaona? Hawakumusahau."

Nilikutazama usoni nione kama umelisikia ulilosema. Hukulisikia. Ulikuwa umeshasogea kwenye picha ya pili.

Nikakuuliza, "Baba, na wewe una watoto wangapi?"

Ukacheka. "Nyota, uko nauliza nini hivi?" Ukaniambia twende tukaone bustani kabla mvua haijaja.

Bustani ile nayo sijui niseme nini. Miti imekatwa ikawa kama masanduku, vichaka vimekunjwa vikawa kama maandishi, na njia moja imenyooka kutoka mlango wa jumba hadi macho yanaposhindwa. Ulisema waliipanga hivyo ili mtawala akisimama dirishani asione kitu kisicho chake. Wafanyakazi walikuwa wanasukuma milimao iliyopandwa kwenye masanduku ya mbao, wanaiingiza kwenye nyumba ndefu ya vioo. Nikauliza wanaipeleka wapi.

"Ile ni nyumba yake. Baridi iko nakuja, milimao haiwezi kulala inje."

Baba, ulisema hivyo kwa sauti ya huruma. Sisi mvua ilipasua lile turubai, nikamshikilia Bebe kifuani hadi kukacha, Mama amesimama anazuia maji kwa sufuria. Nilitaka kukuambia. Nikameza, kwa sababu nilikuwa na shida yangu na sikutaka kuiharibu kwa hasira.

Tulikaa kwenye benchi karibu na bwawa. Nilitoa simu nikakuonesha picha ya Bebe, ile aliyopiga Auburn akiwa amevaa kitenge cha buluu. Uliitazama sana.

"Anafanana na mama yangu," ukasema.

"Ndiyo, Baba. Amenituma." Nikapiga magoti pale kwenye kokoto, Wazungu wanapita na mbwa wao, maana jambo kama hilo haliombwi mtu amekaa. Nikakuambia anaolewa, wanakuja kumposa, hana jina. Nikakuambia, "Ulisema utalitoa mwenyewe. Nimekuja nilipokee, nimpelekee. Ukitaka kumwona, nitampigia sasa hivi umwone kwa simu, umtajie wewe mwenyewe."

Ukafungua mdomo. Naapa ulifungua mdomo. Na simu yako ikalia.

Ulisimama ukanipa mgongo, lakini picha niliiona kutoka chini nilipopiga magoti: mtoto wa kike, nywele zimesukwa kwa shanga, anakuongelesha Kijerumani kwa kudeka. Ukamjibu mengi nisiyoyaelewa. Kulikuwa na neno moja tu nililolielewa, nawe ulilisema kwa upole mara kadhaa: Wabiwa.

Ulipogeuka nilikuwa nimeshainuka. Magoti yalikuwa yamejaa mchanga, sikuupangusa.

"Nilitaka jina la mama lisipotee," ukasema.

"Lilikuwa na mwenyewe."

"Nyota, usikasirike. Mke wangu hajue. Hajue kama niko na mutu huko. Nikitoa jina la mutoto, ni kusema niko na mutoto." Ukatazama huku na huku kana kwamba ile miti ingesikia. "Na Bebe ni jina pia. Si ameshazoea? Huku Ulaya jina haina maana sana."

Nikakwambia si lazima liwe la bibi. Toa lolote. Taja hata mti, taja hata siku ya wiki, ilimradi litoke mdomoni mwako na mimi nishuhudie. Ukatikisa kichwa. Ukasema, "Mumupe la kwenu." La kwetu! Kisha ukaona chemchemi imeanza kurusha maji, ukaniambia nikasimame pale unipige picha, nisirudi Australia bila picha ya shato. Nikasimama, ukaniambia nicheke, nikacheka. Picha umenitumia, ninayo, na kila nikiiona najishangaa yule mwanamke anacheka nini. Nilikuchukia, Baba. Nimesema.

Uwanja wa ndege wa Sydney walikuja kunipokea wote wawili, Mama na Bebe. Bebe alikuwa ameshika puto.

"So? What is it?"

Nikamwambia tufike nyumbani kwanza. Mezani nikawaambia yote, hata na ile habari ya Wabiwa, maana nisingeweza kuibeba peke yangu. Bebe akasema, "It's fine," akaondoka mezani akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mama aliniuliza mambo mawili tu. "Ulimuomba kwa mdomo?"

"Nilimuomba, Mama. Nilipiga magoti."

"Alisikia?"

"Alisikia."

Akaenda kulala. Asubuhi nilipoamka nilimkuta ameondoa makochi sebuleni, ametandika mkeka, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, amekaa chini miguu ameinyoosha. Jirani yetu Mkongo aliyepita kuomba chumvi aliuliza nani amekufa. Mama akasema, "Baba Nyota."

Unawajua watu wetu. Kabla ya mchana walikuwa wameshafika kwa treni kutoka Auburn, kutoka Cabramatta, wengine wametoka moja kwa moja kazini na sare zao za kutunza wazee. Walikuja na sombe ya majani ya muhogo, na maharage kwenye masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa. Walikulilia, Baba. Wanawake wasiokujua walikulilia kwa sauti, wakaimba, wakamshika Mama mabega. Sikumsahihisha mtu, na Bebe naye hakumsahihisha mtu.

Mchungaji wetu akaja, akavua viatu, akainama. "Mama Nyota, pole sana. Amefia wapi?"

"Ujerumani," Mama akasema. "Kwa bustani."

"Alikuwa mugonjwa?"

"Hapana. Mutoto wake alimuomba jina, akashindwa."

Waliokuwa wanaimba wakaacha. Mchungaji aligeuka akanitazama, akamtazama Bebe, nikaona jambo linavyomwingia. Nilidhani ataondoka, au atamwambia Mama aondoe kile kitambaa. Mama mmoja mzee, mzaliwa wa mji wa Baraka kule kwetu Fizi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akaelewa kabla yake. Akaanza ule wimbo wa msiba upya, kwa nguvu zaidi ya mwanzo, na wengine wakaupokea mmoja mmoja. Mchungaji akafungua Biblia, akakohoa, akatusomea maneno ya wafu.

Walipomaliza Mama akamwita Bebe. Akamkalisha mkekani mbele yake, mtu mzima na kazi yake, akamlaza kichwa mapajani kama mtoto wa jana. Akaweka mkono kwenye paji la uso wake. Akainama akamnong'oneza sikioni, halafu akainua kichwa akalisema kwa sauti ili wote tulisikie. Wale wanawake waliokuwa wanakulilia wakapiga vigelegele na machozi bado mashavuni.

Mdogo wangu akaitika. Akasema, "Ndiyo, Mama," kwa Kiswahili, kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu yuko mchanga.

Warundi walikuja kuposa. Msemaji wao alisimama akamtaja, akarudia, na mara ya pili akaongeza sauti kwa sababu watu walikuwa wanashangilia. Ilikuwa siku nzuri. Kwenye nafasi yako alikaa mchungaji.

Kwa hiyo, Baba, ukipigiwa simu na jamaa wa Uvira akashtuka kukusikia unaitika, usimgombeze. Habari imeshafika. Mama amevua kitambaa na makochi tumeyarudisha. Endelea na Jumapili zako. Mtunze na yule mtoto, hana kosa, ameitwa tu.

Najua unavyosoma sasa unatafuta kitu kimoja, mstari kwa mstari. Hakimo humu. Jina la mdogo wangu wanalijua Warundi, wanalijua watoto anaowalea na mama zao, analijua muuza samaki wa Cabramatta na jirani wa chumvi. Mumewe analiita toka chumbani akitafuta soksi. Kati ya watu wote waliopaswa kulijua, umebaki wewe tu, na huku kwetu marehemu haambiwi jina la mtoto.

Pumzika, Baba.

Binti wa marehemu